Kondoo Anayetazama Kulia

Pembe zilitangulia. Mwindaji aliziingiza kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtungi uliojaa maji, akazitua juu ya meza ya mbao katikati ya karakana. Ngozi ilikuwa kwenye mfuko mwingine, imekunjwa na kugandishwa. Fundi hakuigusa. Alisogeza taa, akavaa miwani, akaketi mbele ya zile pembe na kuanza kuzitazama.

Ilikuwa Novemba, katika jimbo la Montana nchini Marekani, mahali ambapo Milima ya Rocky huonekana dirishani hata ukiwa umekaa. Mimi nilikuwa mgeni, nimeomba nafasi ya kukaa pembeni na kuangalia. Nimekulia Arusha, na nyara za uwindaji si jambo geni machoni pangu. Tangu utotoni nimewaona wachunaji wakirudi kutoka kambini na ngozi zilizokolea chumvi. Lakini kondoo mwitu sikuwahi kumwona. Kwetu hayupo. Huyu wa Milima ya Rocky ana nywele fupi za kahawia badala ya sufu, ncha ya mdomo nyeupe, na kiraka cheupe matakoni kinachoonekana kutoka mbali anapopanda mwamba. Utukufu wake uko kichwani. Pembe za dume lililokomaa, pamoja na fuvu lake, zaweza kufika kilo 14, na husemekana zina uzito sawa na mifupa yake mingine yote.

Fundi alipitisha kidole gumba juu ya pembe ya kulia, polepole, kutoka kwenye shina kuelekea nchani. Pembe za kondoo hazidondoki kila mwaka kama za ayala. Hukua maisha yote, na kila majira ya baridi ukuaji husita na kuacha mfereji unaozunguka pembe nzima. Alikuwa anahesabu mifereji hiyo. Mara mbili alirudi nyuma, kwa sababu mifereji ya uzeeni hubanana karibu na shina na ni rahisi kuruka mmoja. Akasema: miaka tisa. Kisha akahamia pembe ya kushoto, na hapo akakaa muda mrefu zaidi. Pembe ya kulia ilikuwa imezunguka duara kamili, ncha yake nyembamba na nzima. Ya kushoto ilikuwa fupi, ncha yake butu, imechanika nyuzinyuzi kama ufagio uliotumika sana. Madume hugongana vichwa, na pembe hukatika; nyingine husagika miambani. Kwenye mfupa wa pua, upande uleule wa kushoto, palikuwa na kovu la kale.

Nyuma ya pembe moja palikuwa na kipande kidogo cha chuma chenye namba, alama ya idara ya wanyamapori ya jimbo. Mnyama huyu hapigwi ovyo. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kondoo hawa walipungua vibaya mno, kwa bunduki zisizo na kikomo na kwa magonjwa waliyoambukizwa na kondoo wa kufugwa, hasa homa ya mapafu. Leo vibali vya kuwinda ni vichache na hutolewa kwa bahati nasibu. Mwindaji huyu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameomba kwa zaidi ya miaka 20 kabla jina lake halijatoka. Sikwenda Montana kuutetea uwindaji wala kuushtaki. Nilikwenda kutazama mikono. Lakini ni vizuri kujua kwamba kilicholala mezani pale kilikuwa kimesubiriwa kwa miaka mingi, na fundi alilijua hilo.

Mwalimu alisema anataka mwili mzima. Aliliona dume lile likiwa juu ya ukingo wa mwamba, miguu minne imekusanyika mahali padogo kuliko kiti, na hivyo ndivyo alivyotaka limsimamie sebuleni. Fundi aliitikia kwa kichwa, akafungua mfuko wa ngozi uliokuwa umeanza kuyeyuka, akaitandaza bila kuivuta. Kisha akanyamaza. Ngozi ilikuwa imekatwa kwa duara nyuma ya mabega. Miguu ya mbele ilikuwa imekatwa juu ya goti. Ya nyuma, pamoja na kiuno chote na kile kiraka cheupe, ilibaki mlimani.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulielewa kwa miaka yote niliyowatazama wachunaji wetu. Nilidhani mtindo wa nyara huchaguliwa karakanani, mbele ya picha, kama mtu anayechagua kitambaa cha kanzu. Kumbe huchaguliwa mlimani, kwa mkato wa kwanza wa kisu, mara nyingi jioni, kukiwa na baridi, na mtu amechoka. Anayetaka kichwa na mabega hukata duara nyuma ya mabega, kisha hupasua kwa juu ya shingo hadi kwenye pembe. Anayetaka mwili mzima hapiti njia hiyo kabisa. Huchuna mnyama wote, na miguu huiacha na kwato zake. Anayetaka fuvu tupu, lililochemshwa likawa jeupe na kutundikwa na pembe zake, haihitaji ngozi hata kidogo. Na kati ya hizo kuna nusu mwili, ambapo mnyama huonekana kama anayetokeza ukutani pamoja na miguu yake ya mbele. Ngozi ikishakatwa fupi, hakuna fundi duniani anayeweza kuirefusha.

Ingewezekana kununua ngozi ya dume jingine na kuivisha kwenye mwili wa kutengeneza chini ya pembe zile. Wapo wanaofanya hivyo. Fundi alilitaja kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei ya chumvi, akaongeza kwamba huyo angekuwa kondoo mwingine aliyevaa pembe za huyu. Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu. Fundi aligeuza ngozi, akaonyesha kwamba aliyeikata alikuwa mkarimu upande wa kifua, ameacha ngozi ya ziada nyuma ya bega, na kwamba masikio na midomo havijaanza kunyonyoka nywele. Bakteria huanzia huko: masikioni, kwenye kope, kwenye midomo. Ngozi hii ilipozwa mapema. Mabega tunayo, alisema, na mabega mazuri.

Yakabaki maswali mengine, na sikutarajia kuwa mengi hivyo. Kichwa kiinuliwe au kishushwe? Kitazame mbele, kushoto au kulia? Masikio yasimame au yalale nyuma? Fundi hakujibu hata moja kabla hajamuuliza mwalimu mambo yasiyohusu kondoo: mlango wa sebule uko upande gani, kiti chake kiko wapi, dirisha linaingiza mwanga wa asubuhi au wa jioni, dari ina urefu gani. Aliandika yote kwenye daftari lenye alama za gundi. Nyara iliyowekwa juu mno humwonyesha mtazamaji kidevu tu, na kondoo aliyetengenezwa akiwa ameinua kichwa, akitundikwa juu, huonekana anatazama dari.

Kisha akaanza kumweleza mwalimu juu ya kondoo wenyewe. Valerius Geist, mtafiti aliyeishi miaka kadhaa kati ya kondoo wa milima ya Kanada na kuandika juu yao mwaka 1971, alionyesha kwamba pembe kwa madume ni kama cheo begani pa askari. Madume mawili yakikutana si lazima yapigane. Moja hushusha shingo, huinyoosha, hugeuza kichwa kidogo pembeni, ili mwenzake aone ukubwa wa pembe na ajipime. Kwa hiyo, alisema fundi, kumgeuza kondoo kichwa si pambo letu sisi. Ni tendo lake mwenyewe. Kilichobaki ni kuamua anataka kuonyesha pembe gani.

Mwalimu alijibu bila kusita: ya kulia, ile nzima. Nami ningesema hivyohivyo. Fundi hakubisha. Alichukua stendi ya mbao yenye mkono unaozunguka, akafunga bamba la fuvu kwa skrubu mbili, akasogeza stendi hadi ukutani. Kwanza alikigeuza kichwa kushoto, kwa sababu kichwa kikielekea kushoto kwake, aliyekaa mbele huona shavu la kulia. Pembe kamili ilijaza macho, safi, imezunguka kama konokono. Tukaitazama. Baada ya dakika chache alikigeuza kulia. Sasa ilikuja mbele pembe ya kushoto, butu, yenye mikwaruzo, na chini yake mahali ambapo kovu la pua lingekaa. Ile nzima haikupotea. Ncha yake ilichungulia upande wa pili. Fundi akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza. Alituacha tukae na kichwa kile hadi giza likaingia.

Siku iliyofuata mwalimu alirudi peke yake, akasimama mbele ya stendi na kofia mkononi. Akasema: kulia.

Kazi ya ngozi ilichukua wiki kadhaa, na sehemu yake kubwa ilikuwa kusubiri. Fundi alipasua midomo kwa ndani, akageuza masikio hadi ncha kama mtu anayegeuza vidole vya glavu, akafungua kope na pua, kisha akasugua chumvi laini isiyo na madini joto kila mahali, hata penye mikunjo midogo. Chumvi iliyolowa ilitupwa, nyingine ikapakwa. Ngozi ilipokauka ililowekwa tena, ikaingia kwenye pipa la maji ya asidi na chumvi, na ilipotoka imevimba na kuwa nyeupe, ndipo kisu kilipoanza. Alilaza ngozi juu ya gogo lililochongwa duara, akaipara kwa ndani, kipande kwa kipande, hadi usoni ikawa nyembamba kama karatasi ya bahasha. Nywele za kondoo mwitu zina uwazi ndani na hukatika kwa urahisi, kwa hiyo hakuna kukunja kwa nguvu, hakuna kuburuta. Nilimwona akisimama katikati ya mkwaruzo mmoja, akapitisha kidole chini ya ngozi, akaamua kuacha. Nilipomuuliza alijuaje, alishika kidole changu na kukiweka palepale. Sikuhisi tofauti yoyote.

Wakati ngozi ikiwa kwenye dawa, alishughulikia pembe. Pembe ya kondoo ni gamba lililovaa mfupa, na mfupa huo ukiachwa ndani huoza na kunuka. Kabla ya kuloweka alipima kila kitu: umbali kati ya ncha mbili, kutoka kila ncha hadi puani, pembe inavyoegemea fuvu. Nusu sentimita ikikosewa kwenye shina huwa sentimita kadhaa kwenye ncha. Gamba lilipolegea alilivuta kwa kulizungusha, akasafisha, akapunguza mfupa, akarudisha gamba mahali pake kwa filla ileile wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Akapima tena. Upande wa kushoto ulikuwa umekaa juu kwa upana wa kiberiti. Akaubomoa wote na kuanza upya, bila kuguna.

Sanamu inayovaa ngozi zamani ilikuwa nyasi na vumbi la mbao. Wanyama wa makumbusho ya kale walivimba kama magunia kwa sababu hiyo. Aliyebadilisha kazi hii kuliko wote alikuwa Carl Akeley, Mmarekani aliyezaliwa 1864, aliyefinyanga mwili wa mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, akatoa kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu akatengeneza umbo jepesi la kuvishwa ngozi. Alizunguka sana Afrika Mashariki, na alifariki 1926 kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, Kongo, akazikwa hukohuko kwenye nchi ya sokwe aliowapenda. Ukumbi wa wanyama wa Afrika unaobeba jina lake katika jumba la makumbusho la New York ulifunguliwa miaka kumi baadaye. Siku hizi sanamu huagizwa kiwandani zikiwa za povu gumu, kwa vipimo: kutoka jicho hadi pua, mzunguko wa shingo nyuma ya masikio, mzunguko wa shingo chini. Sanamu iliyofika ilikuwa imegeuka kulia kama ilivyotakiwa. Lakini fundi alishika pembe juu yake karibu na ukuta, akaona ncha ya ile pembe nzima inagusa mbao. Akakata shingo kwa msumeno, akaongeza kipande cha povu cha vidole vitatu, akalichonga ungio hadi lisionekane. Kisha, kwa kuwa dume lilipigwa karibu na msimu wa kupandana, shingo zinapojaa, akaongeza udongo kidogo chini ya koo.

Macho ndiyo yaliyonishika zaidi. Jicho la kondoo lina rangi ya asali, na mboni yake ni mstari uliolala. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao wa Durham, Uingereza, walionyesha kwamba kondoo akiinama kula, jicho huzunguka ndani ya tundu lake ili mboni ibaki sambamba na ardhi, naye aendelee kuiona nyika yote. Fundi hakuhitaji utafiti huo. Alikuwa amewatazama kondoo kwa darubini kwa miaka 30. Kichwa cha dume letu kilikuwa kimeshuka kidogo, kwa hiyo jicho la kioo halikukaa sawa na mstari wa uso. Aliweka kipimamaji cha seremala kando ya kichwa, akazungusha jicho kidogo kidogo hadi mboni ikalingana na sakafu ya karakana. Kisha udongo: ukope wa juu mzito zaidi kwenye kona ya mbele, wa chini mwembamba, na mbele ya jicho kishimo cha tezi ambacho mbuzi hana na kondoo anacho. Alitumia kijiti cha mwanzi kilicholainika kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kope kukamilika ile sanamu ilikuwa povu. Baada yake ilikuwa inatazama.

Ngozi ilijaribiwa mara tatu bila gundi. Mara ya nne alipaka gundi, akavisha, akashona kuanzia kwenye pembe kuteremka nyuma ya shingo, mishono mifupi ya kupishana, kila baada ya mishono michache akitoa kwa ncha ya sindano unywele ulionaswa na uzi. Midomo aliikunjia kwenye mfereji uliochongwa, kwa kijiko kidogo bapa. Masikio yalielekezwa tofauti: la kulia mbele, la kushoto nyuma kidogo, kama mnyama anayesikiliza pande mbili. Kovu la pua halikujazwa. Alilisugua kwa kidole ili ngozi ikae ndani yake vizuri, basi.

Kisha pini nyingi, kando ya kope, puani, kwenye mikunjo ya shingo, kwa sababu ngozi ikikauka hujikaza na kujiinua kutoka kwenye mabonde. Kwa wiki tatu alikuja kila asubuhi kabla ya chai, akabonyeza palepale kwa kidole gumba, akaondoka. Kukauka huondoa rangi pasipo na nywele, kwa hiyo mwisho kabisa ilikuwa brashi na spreya ndogo: kahawia nyembamba mno kwenye kope, kijivu chenye wekundu puani, tabaka juu ya tabaka, kila moja haionekani peke yake.

Sikuwapo alipokuja mwalimu kulichukua. Fundi aliniandikia barua fupi. Dume lilitoka karakanani mwezi wa Oktoba, miezi kumi na moja baada ya kuingia. Limetundikwa ukuta wa kaskazini, mboni zake usawa wa macho ya mtu aliyesimama, likitazama kulia, na pembe butu ndiyo inayoelekea kiti cha mwalimu.